Matofali ya Baka

Kazi ya uashi ndiyo iliyonifikisha Jasenovac. Ni mji mdogo wa Kroatia, pale Mto Una unapoungana na Sava, na ng'ambo ya maji ni Bosnia. Tetemeko la tarehe 29 Desemba 2020, lenye ukubwa wa 6.4, liliipiga zaidi Petrinja na kuua watu 7, lakini nyufa zilienea mkoa mzima. Miaka kadhaa baadaye bado kulikuwa na kuta za kubomoa na kuta za kuinua, na vijana wengi wa huko wamekwenda kutafuta maisha Ujerumani na Ireland. Ndiyo maana tulikuwapo sisi: mimi kutoka Mbeya, mwenzangu kutoka Nepali.

Mji wenyewe ungeupenda. Asubuhi wazee hukaa ukingoni na ndoana zao wakimngoja kambare, bila haraka yoyote. Korongo wamejenga viota juu ya nguzo za umeme na mabomba ya moshi. Baridi ikikaribia huhamia Afrika, nami niliwaonea wivu, kwa kuwa hakuna anayewadai viza.

Ila jina la mji ni zito. Kuanzia 1941 hadi 1945 utawala wa Ustasha, washirika wa Hitler, uliendesha hapa kambi ya mauaji. Orodha ya makumbusho ina majina 83,145. Zaidi ya nusu ni Waserbia, kisha Waroma, Wayahudi, na Wakroatia ambao utawala ule uliwaona maadui. Watoto wa chini ya miaka 14 wamezidi 20,000. Kambi kuu iliwekwa kwenye kiwanda cha matofali, na ikaitwa hivyo hivyo, Ciglana, yaani kiwanda cha matofali. Waliookoka walisimulia kwamba hata tanuri la kuchomea matofali liligeuzwa kuchomea watu.

Mwenye nyumba nilimwita Baka, ndiyo kusema bibi. Amevuka miaka themanini. Alitaka banda lake la kuni libomolewe, matofali yasafishwe, kisha yajenge jiko la nje la kupikia wakati wa kiangazi. Kwa fundi, matofali ya zamani yaliyoiva vizuri ni bahati. Unagonga chokaa kwa nyundo, unapanga. Siku ya pili nikashika moja lenye mifereji mitatu ubavuni, kama ya vidole. Kwetu Mbeya kila mtu amewahi kufyatua tofali, na alama hiyo naijua: ni mkono wa mtu aliyeligusa bado bichi. Nikamuuliza Baka yametoka wapi.

Alinyamaza mpaka nikadhani sikusema sawasawa Kikroatia changu. Kisha akasema baba yake aliyaleta kwa mkokoteni baada ya vita. Nyumba yao ilikuwa imeungua, walikuwa wanalala zizini. "Kila mtu alikwenda kuchukua, mwanangu. Baridi ilikuwa inakuja."

Jumapili nilikwenda kwenye mnara wa kumbukumbu. Ni ua kubwa la saruji, mita 24 kwenda juu, kazi ya msanifu Bogdan Bogdanović, lililokamilika 1966. Njia ya kulifikia imetandikwa mataruma ya reli. Pale yalipokuwa majengo ya kambi kuna vilima na mabonde ya nyasi tu, na mtu akitembea pale anaweza kudhani majengo yale yaliyeyuka. Mengine yaliingia mjini, mkokoteni kwa mkokoteni.

Hukumu yangu ya kwanza ilikuwa nyepesi: yatupwe. Lakini yatupwe wapi? Kwenye kontena la kifusi, pamoja na vigae na mifuko ya saruji? Huko kungekuwa kuwaheshimu akina nani? Na mimi ninayehukumu sijawahi kulala zizini na watoto nikingoja theluji. Lipo na hili lililonisumbua zaidi: kiwanda kilikuwapo kabla ya kambi, mali ya familia ya Bačić, na watu huru walifyatua hapo kwa ujira. Tofali nililoshika laweza kuwa la kibarua aliyelipwa jioni akaenda kunywa bia. Laweza kuwa la mfungwa aliyeuawa wiki hiyo hiyo. Udongo ni ule ule. Hakuna fundi duniani wa kuyatenga.

Kwa hiyo niliacha kulihoji tofali nikamfikiria Baka. Baba yake alichukua kitu ambacho wenye haki ya kumruhusu au kumkataza walikuwa wamekufa. Siwezi kumsamehe kwa niaba yao, wala sijapewa kazi ya kumlaani. Ila nilihisi kuna deni dogo linalolipika, nalo ni kusema. Hata mimi mpita njia aliniambia, japo kwa kuulizwa.

"Mwanao anajua?"

"Hajauliza."

Nikataka kumkemea, lakini mdomo ulikuwa mzito. Mwaka 1991 alikimbia vita vingine, na aliporudi baada ya Mei 1995 nyumba haikuwa na paa, banda limesimama. Katika mji huu hata hesabu ya waliokufa ni ugomvi wa wanasiasa. Mtu akisema neno moja huulizwa yuko upande gani. Pengine alijifunza kuwa salama ni kufunga mdomo. Pengine hiyo ni sababu ninayomtungia kwa kuwa alinipikia vizuri. Nikajenga. Lile lenye mifereji nililiweka uso nje, usawa wa macho, wala sikumwomba mtu ruhusa.

Mwanawe alifika kutoka Zagreb siku tuliyomaliza. Ni mtu mpole, amezoea kulipa kwa wakati. Alipitisha kiganja ukutani, akasimama kwenye tofali lile, akaweka vidole vyake kwenye mifereji kama mtu anayejaribu glovu.

"Mazuri haya," akasema. "Mama, yametoka wapi?"

Nilikuwa nasuuza mwiko kwenye karai. Sikuinua kichwa.

"Iz ciglane," Baka akajibu. Kutoka kiwanda cha matofali. Kisha akaingia ndani kutuwekea kahawa.