Sikio na Jicho

Liko neno ambalo watu hulitumia upesi wakitaka kufunga mazungumzo: “Kila mtu na apendavyo.” Nalisikia hasa kwa wanunuao spika za thamani kubwa za kusikilizia muziki nyumbani, ambazo jozi moja yaweza kupita bei ya motokaa. Mmoja ataka besi itikisayo kifua, mwingine ataka sauti ya mwimbaji iwe laini, wa tatu ataka muziki usikike kama ulivyopigwa, pasipo kuongezwa wala kupunguzwa. Je, katika jambo hili iko kweli, au ni kupenda tu?

Wako waliojibu ya kuwa iko. Edgar Villchur wa Marekani alitoa spika yake ya AR-1 mwaka 1954. Baadaye kampuni yake iliweka jukwaani wapiga ala za nyuzi wanne. Katikati ya wimbo waliacha kupiga, huku mikono yao ikiendelea kwenda kana kwamba wanapiga, na spika zikaendeleza muziki uliokwisha kunaswa. Wasikilizaji wengi hawakutambua badiliko hilo. Kwa watu wa namna hiyo, spika yapasa kuwa kama kioo cha dirisha.

Nami nakubali, ila si kwa kila mtu sawasawa. Spika ya BBC iitwayo LS3/5a, ya miaka ya 1970, ilifanywa ndogo ili iingie katika magari ya kazi ya kutangaza. Aliyeisikiliza alikuwa akitafuta kosa katika sauti. Mtu huyo hana ruhusa ya kuchagua utamu, kwa maana spika ikimfichia mkwaruzo, wengine ndio watakaoupata. Bali aketiye nyumbani mwake jioni hana deni hilo. Akiongeza besi, hakumwibia mtu. Hata mimi, nisifiche, sauti nyembamba mno hunichosha.

Basi ugumu u wapi? U katika neno “napenda.” Mwaka 1994 Floyd Toole na Sean Olive walieleza jaribio walilolifanya kwa watu 40 na spika 4. Mara watu waliziona spika, mara zilifichwa nyuma ya pazia lipitishalo sauti. Zilipoonekana, hukumu zao ziligeuka zikafuata sura na ukubwa. Ile ndogo ya bei nafuu, iliyosifiwa ikiwa imefichwa, ilishuka mara ilipoonekana. Wala hao hawakusema uongo! Kila mmoja alinena aliyoyasikia. Jicho lilikwisha kuamua kabla ya sikio, na mwenyewe hakujua.

Tena mwaka 2003 Olive alieleza habari za watu 268, wenye mazoezi ya kusikiliza na wasio nayo. Pasipo kuziona spika, makundi hayo yalizipanga karibu kwa utaratibu uleule. Kumbe masikio yetu hayatofautiani kama tunavyojisifu. Tofauti iliyo wazi zaidi ni katika kiasi cha besi, na hapo chumba nacho kina sehemu yake, kwa maana spika iliyosukumwa pembeni hunguruma kuliko iliyo mbali na kuta.

Mtu ataniuliza, ni kosa gani kupenda sanduku zuri la mbao? Si kosa hata kidogo, na aseme tu, “Nimependa mbao.” Lakini namjua mmoja aliyenunua spika za fahari, kisha akaziacha santuri alizozipenda tangu ujana, kwa sababu zilinaswa vibaya, na spika hizo zafichua kila ubovu. Sasa husikiliza nyimbo chache tu, zile zinazozipa spika zake heshima. Husema masikio yake yamekua.

Spika zake za kwanza, ndogo, zimo stoo bado. Nimemwomba tuzilete sebuleni, tutundike kitambaa chepesi mbele ya jozi zote mbili, tulinganishe nguvu za sauti, kwa kuwa iliyo kubwa kidogo hudhaniwa kuwa bora, kisha mwanawe atupigie moja ya zile santuri za zamani, asituambie ni jozi ipi inayolia. Nimemwomba mara mbili. Hajakubali.