Gari Linalosuguliwa Mno

Kila unapoisugua rangi ya gari ili ing'ae zaidi, unaipunguza. Ile vanishi ya juu inayoleta mng'ao ni nyembamba kuliko karatasi ya daftari, na polishi ya kuondoa mikwaruzo hufanya kazi kwa kuila kidogo kidogo mpaka mkwaruzo upotee. Anayetaka boneti isiyo na alama hata moja ipo siku ataimaliza vanishi yote, na hapo hakuna polishi itakayomfaa. Ni kupiga rangi upya.

Tena Unguja si mahali pa kudai ukamilifu huo. Gari lililolala Mizingani au Forodhani huamka na chumvi ya bahari mwilini, mchana linapigwa na jua na vumbi, na mwenyewe akishika kitambaa kikavu kulifuta, kila chembe ya mchanga inakuwa msasa mkononi mwake. (Usafi wa namna hiyo, bora uchafu.) Kutu nayo, adui wa kweli wa gari la pwani, mara nyingi haianzii kwenye boneti anayoihangaikia. Inaanzia asikotazama: ndani ya madigadi, chini ya milango na uvunguni, chumvi na unyevu vinakokaa bila kusumbuliwa.

Basi ukiosha leo, mwaga maji ya mfereji kwa wingi kabla hujagusa kwa mkono, uvunguni usikusahau, na ule mkwaruzo mdogo wa mlangoni uache ulipo.