Kufunga kwa Ajili ya Afya: Je, Ni Ibada?



Ndugu zangu katika imani, swali ninaloleta safari hii nimeulizwa mwaka huu mara nyingi kuliko swali lolote la darasani. Mtu akifunga Jumatatu na Alhamisi huku anajua kwamba funga hiyo inampunguzia uzito, na uzito huo ameambiwa na daktari aupunguze, je, amefunga kwa ajili ya Allah (s.w.) au kwa ajili ya tumbo lake? Anayeniuliza huwa anatabasamu, maana anajua kwamba jibu linanihusu.

Mwaka jana, wiki chache baada ya Idi, nilipimwa katika zahanati moja hapa Buyenzi. Urefu wangu ni sentimita 170 na nilikuwa na kilo 97. Presha ilikuwa 150 kwa 95. Sukari, asubuhi kabla sijala kitu, ilikuwa 118. Kisukari chenyewe huhesabiwa kuanzia 126, kwa hiyo nilikuwa nimeshafika barazani. Nina miaka 24. Baba yangu mdogo alikatwa mguu kwa maradhi hayo hayo, na nilimweleza daktari. Hakuniandikia dawa. Alisema nibadilishe chakula, nitembee kwa miguu, nirudi baada ya miezi mitatu.

Nilianza na vinywaji. Chupa moja ya soda ya nusu lita ina sukari gramu hamsini hivi, na Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2015 linashauri mtu mzima asizidishe kiasi hicho kwa siku nzima, na ni bora zaidi akibaki chini ya gramu 25. Ukinywa Fanta moja na mishikaki jioni umeshamaliza fungu lako, na bado hujahesabu vijiko vitatu vya chai ya asubuhi. Nikahamia maji, na chai ya tangawizi bila sukari, ambayo wiki ya kwanza ilikuwa mtihani mkubwa kuliko ule wa takwimu. Chapati za asubuhi nikaziacha. Wali na ugali nikapunguza hadi robo ya sahani, na sehemu iliyobaki ikawa ya sombe isiyojaa mawese, maharage, na ndagala au mukeke akipatikana. Viazi vya kukaanga sikuvigusa tena. Watu hudhani chakula cha afya ni cha matajiri, chakula cha kwenye majarida ya Ulaya. Sombe na ndagala ni chakula cha bibi zetu, na bei yake sokoni haizidi ile ya viazi na mishikaki.

Mwezi wa pili nikaongeza funga ya Jumatatu na Alhamisi. Nilimuuliza daktari kwanza, akaniruhusu kwa kuwa sikuwa na dawa yoyote ninayotumia. Hapa nisisitize, kwa sababu gazeti hili linasomwa na watu wa kila hali: mwenye kutumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asifuate mfano wangu bila kumwona daktari wake, kwani sukari ikishuka ghafla mchana huweza kumwangusha na hata kumuua. Baada ya miezi kumi nilikuwa na kilo 79, presha 124 kwa 80, sukari 94. Alhamdulillah.

Hapo ndipo ndugu yangu mmoja, tunayeswali naye safu moja, alipokuja na hoja yake, na si hoja ya kupuuzwa. Alisema swaumu ni ibada ambayo Allah (s.w.) ameinasibisha na nafsi Yake, akaahidi kuilipa Mwenyewe. Swala huonekana, zaka huonekana, hija huonekana, lakini swaumu haionekani. "Sasa sheikh," akaniambia, "wewe ile ibada ya siri umeitoa nje, ukaipandisha kwenye mizani, ukaipimia kilo." Akanikumbusha hadithi ya nia, ile iliyopokewa na Sayyidna Umar (r.a.), ambayo Imam Bukhari aliifanya ya kwanza katika kitabu chake: aliyehama kwa ajili ya mwanamke wa kumuoa, hijra yake ni ya huyo mwanamke. Mwenye kufunga apungue, basi amepungua, amepata alichokitaka.

Kuna jibu jepesi ambalo wengi wetu hulikimbilia, nalo ni lile neno linaloandikwa kwenye mabango ya Ramadhani kwamba tufunge tupate afya. Silitumii. Wataalamu wa hadithi wameidhaifisha sanadi yake, na hata lingekuwa sahihi lisingetatua jambo. Kwamba swaumu ina faida kwa mwili ni habari moja, na kwamba mimi nimefunga kwa sababu ya faida hiyo ni habari nyingine. Isitoshe, swaumu peke yake haipunguzi mtu. Anayefuturu kwa sambusa sita, juisi ya sukari na wali wa nazi, akamalizia na mandazi ya daku, anaweza kumaliza Ramadhani akiwa mnene kuliko alivyoianza, na sote tunawafahamu watu wa namna hiyo.

Wanazuoni wametangulia kulizungumza suala hili kwa karne nyingi, na hawakukubaliana. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111 Miladia), katika Ihya anamtaja waziwazi mtu anayefunga kwa kujikurubisha kwa Mola huku akitaka pia faida ya kujizuia chakula kwa ajili ya mwili wake, na anasema amali hiyo imetoka katika mpaka wa ikhlasi. Lakini haishii hapo. Anasema msukumo wa dini na msukumo wa dunia hupimwa: vikilingana vinafutana, mtu hana thawabu wala dhambi, wa dini ukizidi, analipwa kwa kile kilichozidi. Ni hesabu kali, na mimi huipenda kwa sababu hainidanganyi.

Imam Qarafi wa Misri, mwanachuoni wa Kimaliki aliyefariki mwaka 684 Hijria (1285), anatazama upande mwingine. Anatenganisha riyaa na kuchanganya makusudio. Riyaa ni kufanya ibada ili viumbe wakuone na wakutukuze, na hiyo ni haramu. Anayefunga huku akitaka mwili wake upone hajamshirikisha kiumbe yeyote katika kutukuzwa, kama ambavyo mwenye kuhiji na kufanya biashara njiani hakuharibu hija yake, na Qur'ani yenyewe katika Suratul Baqara imesema hapana vibaya katika hilo. Kisha anatoa dalili ambayo mwanafunzi yeyote asiye na uwezo wa kuoa anaijua kwa moyo: Mtume (s.a.w.) aliwaelekeza vijana wasioweza kuoa wafunge, kwa kuwa swaumu inavunja matamanio. Hiyo ni faida ya mwili kabisa, na ameielekeza Mtume mwenyewe. Qarafi hata hivyo anakubali kwamba ujira wa mwenye makusudio mawili unaweza kuwa pungufu kuliko wa mwenye kusudio moja.

Mimi naelekea kwa Qarafi, lakini kwa njia ambayo ilinifungukia kwenye hadithi nyingine. Bi Aisha (r.a.) anasimulia katika Sahihi Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) aliingia kwake siku moja, akauliza kama kuna chakula. Akaambiwa hakuna. Akasema basi yeye amefunga. Mafaqihi wa Kishafi wanaitumia kuonyesha kwamba nia ya funga ya sunna yaweza kuwekwa mchana kabla ya jua kupinduka. Mimi naona ndani yake jambo jingine pia. Kilichofanya siku ile iwe ya swaumu ni jiko tupu. Nani atathubutu kusema swaumu ile ilikuwa ya jiko?

Kwa hiyo kuna sababu, na kuna nia. Sababu ni kinachokufikisha mlangoni; nia ni unayemwingilia. Mabwenini kwetu wapo wanaofunga Alhamisi kwa sababu pesa ya chakula cha mchana imekwisha tangu Jumanne. Nawajua, na nyinyi mnawajua. Je, tuwaambie hawana swaumu kwa kuwa umaskini ndio uliowakumbusha? Hata ndugu yangu yule wa safu moja ana sababu yake, ingawa hajawahi kuulizwa: alizaliwa katika nyumba ambayo baba na mama hufunga kila Jumatatu, na asipofunga hana wa kula naye. Mimi nilikumbushwa na 118. Hakuna hata mmoja wetu aliyefika mlangoni bila kusukumwa na kitu cha dunia.

Hata hivyo sisemi kwamba suala limekwisha, maana nafsi ni mjanja na inaweza kuita nia kile ambacho ni sababu tu. Ndiyo maana namshikilia Ghazali na hesabu yake. Baada ya kufika kilo 79 uzito wangu ulisimama, na ukakaa pale pale kwa wiki saba. Hapo nikaelewa kwamba Alhamisi ya wiki ya nane haikuwa na chochote cha kunipa kwenye mizani. Daktari alisema sahani niliyoizoea inatosha kuendelea polepole, funga si lazima. Ile sababu iliyonifikisha mlangoni ilikuwa imeondoka, na mimi nimesimama pale pale nikiwa na njaa ya saa nane mchana, nikijiuliza kilichobaki ni nini.

Niliifunga ile Alhamisi, nikafunga na nyingine. Zipo ambazo sikufunga, kwa mfano za wiki ya mitihani, na sina mtu wa kumweleza kwa nini. Mizani nimeihamishia Jumamosi, mbali na siku zote mbili za funga, nisije nikapanda juu yake huku futari bado iko mdomoni. Ndugu yangu anashikilia kwamba ujira wangu ni mdogo kuliko wake. Nimemjibu kwamba hilo yawezekana ni kweli, Wallahu aalam, na kwamba mdogo nao ni ujira. Naye amekubali kupima sukari yake mwezi ujao.