Herufi Moja

Karatasi ya faini niliyopewa Mamboleo kwa kukimbiza gari ina kosa. Nambari waliyoandika inaishia na G. Yangu ni C.

"Omera, kana tu," rafiki yangu wa Kondele akaniambia. "Nenda kortini uwaonyeshe hiyo herufi. Unatoka bure."

Ana hoja. Kifungu cha 50 cha Katiba ya 2010 kinasema mshtakiwa hana hatia hadi ithibitishwe. Anayenipima spidi naye apimwe kwa kalamu yake.

Lakini mshale ulikuwa kwenye 61, mahali pa 50, na watoto wa shule walikuwa wanangoja kuvuka. Herufi haifuti hilo. Halafu kuna gari lenye G mahali, labda Ahero, labda Homa Bay, na mwenyewe hajui chochote. Nikinyamaza, nafuu yangu ni deni lake.

Kwa hivyo nitaipinga karatasi, sitalikana kosa. Nitasema: herufi si yangu, irekebisheni, spidi ni yangu. Shilingi 3,000 zitaniuma. Wacha ziume.