Mgeni wa Pilau

Nimeuchora mwaka mzima kwenye daftari. Februari Unguja, Sauti za Busara. Julai Makunduchi, Mwaka Kogwa, nione watu wakichapana kwa mabua ya migomba. Halafu Lamu kwenye Maulidi, ambayo hayatulii: kila mwaka yanarudi nyuma siku 11 hivi. Begi moja mgongoni, basi.

Ila jana, ndugu msomaji, nimekaa kwenye magofu ya Husuni Kubwa hapa Kisiwani, nikajiuliza: ni haki kweli kwenda kwa watu siku ya pilau tu?

Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331. Zama hizo safari ilipangwa na upepo. Kaskazi ikishakuleta, kurudi Arabuni ungoje kusi. Miezi! Humo utazika na wenyeji, utadaiwa, pengine utaoa. (Si kwamba wafanyabiashara wale walikuwa malaika, wengine waliuza hata binadamu.) Lakini mji ulikujua.

Mimi nitafika Ijumaa, Jumatatu nimeshaondoka. Mzee mmoja wa ngalawa nilimweleza mipango yote. Akasikiliza, akauliza, "Sasa mwanangu, masika utakuwa kwa nani?"

Kwenye daftari, Aprili ni ukurasa mtupu.