Pata ya Ajabu na Mavazi ya Sauli



Hivi, mtu akishinda kwa msaada wa kifaa ambacho wenzake hawana, aliyeshinda ni nani? Swali hili linaulizwa kwenye mitihani, kwenye muziki, kwenye biashara ya bodaboda. Leo naomba tulitazame kupitia gofu. Najua wengi wetu huku Mbagala, Tandika, Tegeta na Bunju hatuchezi gofu, tunaujua kama mchezo wa wakubwa. Lakini uwanja wa jeshi uko pale Lugalo, na wapo vijana wa parokia zetu wanaobeba mifuko ya wachezaji, makedi, ambao baadhi yao wanaupiga mpira vizuri kuliko hao wanaowabebea.

Kwanza kifaa chenyewe. Mpira ukishafika kwenye grini, yaani lile eneo la nyasi fupi kabisa lenye shimo, mchezaji anaweka fimbo nyingine pembeni na kuchukua pata, fimbo ya kuusukuma mpira taratibu. Pata ya kawaida ina tabia moja: uzito wa kichwa chake haulingani na mstari wa mpini, hivyo ukiivuta nyuma na kuirudisha, kichwa kinataka kujizungusha. Mikono ndiyo inakituliza. Siku una wasiwasi mikono inashtuka, na mpira unapita pembeni ya shimo lililo hatua moja tu. Sasa mwalimu mmoja wa gofu wa Marekani, Bill Presse, akabuni pata ambayo uzito umepangwa ili kichwa kisitake kujizungusha. Leo zinatengenezwa na kampuni ya L.A.B. Golf. Kwa sura, tusidanganyane, zile za mwanzo zilikuwa kama pasi ya mkaa iliyokanyagwa na bajaji. Watu walicheka.

Wakaacha kucheka polepole. Lucas Glover, bingwa wa US Open ya 2009, aliteswa miaka mingi na mikono kushtuka kwenye mipira mifupi, ile ambayo hata mtoto angeiingiza. Mwaka 2023 akachukua pata ndefu ya aina hii, na mwezi Agosti akashinda mashindano mawili ya PGA Tour wiki mbili mfululizo. Juni 2025 J.J. Spaun akachukua US Open pale Oakmont, mpira wa mwisho akiusukuma kutoka futi 64.

Je, pata ndiyo iliyoshinda? Mtakatifu Thoma wa Akwino anatusaidia hapa. Anasema kitanda alichochonga seremala hakifanani na shoka, kinafanana na kile seremala alichokuwa nacho akilini. Shoka limefanya kazi kweli, lakini halikujua kitanda. Ndivyo ilivyo kwa pata: haikusoma mteremko wa zile futi 64, wala haikukaa miaka na aibu ya Glover. Imeondoa kizuizi tu. Msomaji wa somo la kwanza akivaa miwani, hakuna anayetoka kanisani akisema leo miwani imesoma vizuri.

Ila hoja hiyo ina mpaka, maana mtu anaweza kuitumia kutetea hata kibomu kwenye chumba cha mtihani. Mpaka unawekwa na sheria ya wote, si na hisia zangu. Mwaka 1904 Mmarekani Walter Travis alishinda ubingwa wa ridhaa wa Uingereza kwa pata ya ajabu iliyoitwa Schenectady, mpini wake umeingia katikati ya kichwa. Mwaka 1910 wakubwa wa gofu wa St Andrews wakaipiga marufuku. Marekani wakaendelea nayo. Fimbo ileile, halali ng'ambo hii ya bahari, haramu ng'ambo ile. Na tangu Januari 1, 2016 ni marufuku kuegemeza mpini wa pata mwilini wakati wa kupiga. Adam Scott alikuwa ameshinda Masters ya 2013 kwa mtindo huohuo. Ushindi wake haukufutwa, maana alipocheza ilikuwa halali. Ila alilazimika kubadilika, akabadilika. Sheria za namna hii si amri za Mungu, zinaweza kukosea na kurekebishwa, lakini ukiingia uwanjani umeahidi kuzifuata.

Kuna suala la aibu pia. Daudi alipokwenda kumkabili Goliathi, Sauli alimvika mavazi yake ya vita. Yalikuwa vifaa vya kisasa, vya heshima, kila askari angevitamani. Daudi alivijaribu, akaona hawezi hata kutembea, akavivua mbele ya mfalme na kuchukua kombeo lake. Wengi tunasifu lile jiwe tu. Mimi naona ujasiri ulianzia pale pa kuvua. Lakini tusome vizuri: Daudi hakuchukua kombeo ili aonekane tofauti. Alikuwa amelizoea machungani. Kijana anayechukua kitu cha ajabu ili atazamwe naye amefungwa na macho ya watu, kama yule anayekikataa kwa kuogopa kuchekwa.

Hapa ndipo panapokuja kupimwa, na kwangu ndiyo sehemu tamu zaidi. Pata hizi hutulia vizuri kwa pembe moja tu kati ya mpini na ardhi, na pembe hiyo inategemea urefu wako na unavyosimama. Ya mwenzako inaweza isikufae kabisa. Kwa walio mbali kampuni inakubali upimwe kwa video: unajirekodi ukiwa umesimama na fimbo, unatuma. Sisi tunalijua jambo hili kwa fundi cherehani. Nenda kwa fundi yeyote wa Tandika ukapimwe suruali ya sherehe, utamsikia: “Mdogo wangu, acha kubana tumbo, simama kama siku zote.” Kila mtu anataka kupimwa akiwa yule anayetamani kuwa. Halafu nguo inambana.

Na kwenye kitubio je? Unakuta mtu amepanga foleni saa nzima, akifika anamweleza padri dhambi za heshima, zile zinazosameheka hata kabla hazijatajwa, na ile inayomrudisha nyuma kila mwezi anaibana kama tumbo. Ushauri atakaopewa utakuwa mzuri sana, kwa mtu mwingine.

Sasa pesa, kwa sababu pata mpya ya aina hii inapita shilingi milioni moja. Kijana mmoja wa kwetu, kedi, amekusanya akiba ya kwenda kusoma ufundi VETA pale Chang'ombe, na anafikiria kuihamishia kwenye pata. Mtakatifu Inyasi wa Loyola, kwenye Mazoezi ya Kiroho, anafundisha kuvitumia vitu kadiri vinavyotusaidia kulifikia lengo tuliloumbiwa, na kuviacha kadiri vinavyotuzuia. Kwa kipimo hicho mimi nilimwambia aende VETA kwanza, pata aiazime. Dada mmoja wa jumuiya, mshonaji, alinipinga palepale: “Kaka, mimi mama aliponinunulia cherehani aliuza kitanda. Hakuna aliyemwambia ameninunulia anasa. Huyu akitaka kuwa mchezaji wa kulipwa, hiyo si ndiyo cherehani yake?” Nikamjibu kwamba cherehani inaleta wateja kesho asubuhi, pata hailetì. Akaniuliza kama nimewahi kumwona huyo kijana akicheza. Sijawahi. Jumamosi tunakwenda wote wawili kumtazama.