Nani Alimzika?

Likizo iliyopita nilikuwa Kashikishi, wilayani Nchelenge, kwenye ufuko wa Ziwa Mweru upande wa Zambia. Ilikuwa miezi ya kufungwa uvuvi, ambayo huanza Desemba na kuisha mwishoni mwa Februari. Wachuuzi wa chisense, dagaa wa huku, walikuwa hawana mzigo, na jioni vijana walijaa kwenye mabanda ya video. Usiku mmoja nami niliingia. Iliyokuwa ikionyeshwa ni Viva Riva!, filamu ya Kongo ya mwaka 2010 iliyoongozwa na Djo Tunda Wa Munga.

Kwa ambaye hajaiona, kisa chake ni hiki. Riva anarudi Kinshasa baada ya miaka kumi Angola, akiwa na shehena ya petroli ya wizi. Mji umekauka mafuta, kwa hiyo mzigo wake ni utajiri mtupu. Anaanza kumwaga pesa na kumtaka mwanamke wa jambazi mwingine, huku nyuma yake akiwindwa na César, Mwangola mwenye suti nadhifu na roho ya jiwe. Filamu imepigwa kwa ustadi mkubwa: usiku wa Kinshasa unang'aa, muziki hautulii, na hakuna dakika ya kuchosha. Mwaka 2011 ilitwaa tuzo 6 za African Movie Academy Awards. Na kwa mtu wa Kashikishi, anayejua thamani ya dumu moja la petroli kwenye injini ya mtumbwi, hadithi hiyo haikuhitaji maelezo.

Mambo mawili yalitokea usiku ule. La kwanza, ilipofika sehemu ya chumbani, ndugu yangu katika imani aliyekaa pembeni alinigusa mkono, tukainamisha macho. Mwenye banda mwenyewe, kwa kuwa watoto walikuwepo, aliisogeza filamu mbele. La pili, baada ya muda mfupi mtu alipigwa risasi akaanguka. Hapo hakuna aliyeinamisha macho, na hakuna aliyesogeza kitu mbele. Tulisimama kwenye mabenchi, tukapiga makofi na miluzi. Mimi pia nilisimama.

Nyuma yetu alikuwa ameketi mzee mmoja kutoka Kilwa, mji ulio ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo. Akauliza kwa Kiswahili cha kwao: "Ule mwenye alianguka pale, nani alimuzika?"

Kijana mmoja akamjibu huku akicheka: "Papa, ile ni filimu tu."

Mzee hakubishana. Aliamka, akachukua tochi yake, akatoka.

Ndugu msomaji, nimelibeba swali lile hadi chuoni, na kila nikilipima naona jibu la yule kijana halitoshi. Kweli ni filamu. Aliyeanguka aliinuka, akafutwa rangi nyekundu, akalipwa ujira wake. Hakuna roho iliyotoka, basi hakuna dhambi ya kuua iliyotendeka mbele yetu. Lakini furaha yetu haikuwa ya kuigiza. Mwigizaji aliigiza kufa, ila sisi hatukuigiza kushangilia.

Wapo watakaosema dawa ni kuacha kabisa hadithi za uhalifu. Sidhani. Qur'ani yenyewe inasimulia uhalifu. Inasimulia ndugu waliomtupa Yusuf kisimani na kumpelekea baba yao kanzu yenye damu ya uongo. Inasimulia mauaji ya kwanza duniani, mwana wa Adam kumuua nduguye. Kwa hiyo kusimulia uovu si uovu. Swali ni je, hadithi inatuacha tumesimama upande wa nani?

Tazama kisa cha wale wana wawili wa Adam. Tendo la kuua linatajwa kwa maneno machache tu. Hatuoneshwi pigo wala silaha. Kinachofuata ni maiti. Muuaji hajui aufanye nini mwili wa nduguye, mpaka Mwenyezi Mungu anamleta kunguru anayefukua ardhi, ndipo anajifunza kusitiri na ndipo anajuta. Kisa hakituruhusu kuondoka na muuaji huku maiti ikibaki nyuma.

Filamu maridadi za ujambazi hufanya kinyume. Mtu akianguka, zamu yake imekwisha. Kamera inaondoka na mwenye bunduki, na moyo wa mtazamaji unaifuata kamera. Mama wa marehemu hatumwoni, deni aliloacha hatulijui. Hapo ndipo swali la mzee linapochoma. Sisi tumefundishwa kwamba kumwosha maiti, kumkafini, kumswalia na kumzika ni faradhi ya kifaya: jamii nzima ikipuuza, jamii nzima ina dhambi. Tumefundishwa pia kwamba Mtume (S.A.W.) alisimama jeneza lilipopita, na alipoambiwa ni la Myahudi, akawauliza masahaba kama huyo naye si nafsi. Yeye alisimama kwa ajili ya aliyekufa. Sisi bandani tulisimama kwa ajili ya aliyeua.

Ng'ambo ya maji yale yale, swali hili si la kubuni. Oktoba 2004 kikundi kidogo cha waasi kiliingia Kilwa. Jeshi la serikali lilipourudisha mji mikononi mwake, watu wasiopungua 70 waliuawa, kwa mujibu wa uchunguzi wa Umoja wa Mataifa, baadhi yao wakiuawa bila kufikishwa mbele ya hakimu yeyote. Mashuhuda walisimulia makaburi ya halaiki. Wengi waliopona waliruka kwenye mitumbwi wakakimbilia upande wa Zambia. Sikumuuliza mzee alimpoteza nani. Sikuwa na haki ya kumuuliza, dakika chache baada ya kupiga makofi.

Mtu anaweza kunipinga kwamba kusisimka si kuridhia, na kwamba filamu hii yenyewe haimsifu jambazi, maana tamaa ya pesa inawala karibu wote wanaoikimbilia. Nakubali. Ndiyo maana simlaumu sana aliyeitengeneza. Lakini hadithi ya Mtume kuhusu kuondoa uovu kwa mkono, kisha kwa ulimi, kisha kwa moyo inatukumbusha kwamba moyo ndiyo ngome ya mwisho. Asiye na nguvu wala sauti anabaki na chuki yake dhidi ya dhulma. Ngome hiyo haibomoki siku moja. Inalainika kila jioni tunapoizoesha kwamba damu ni burudani mradi imemwagwa na mtu mwenye suti nzuri.

Tumezoea kudhani kuinamisha macho ni mlango mmoja tu, wa uchi. Tuulinde mlango huo, ni amri ya Mola wetu. Ila mwili wa binadamu una heshima yake hata unapochinjwa, si unapovuliwa nguo tu. Kijana anayefumba macho mbele ya bega la mwanamke na kuyatoa pima mbele ya kichwa kinachopasuliwa kwa risasi ameshika nusu ya adabu.

Mimi sijaacha kutazama filamu, na sitajifanya nimeacha. Nilichojilazimisha ni kutopiga makofi mtu anapoanguka, na kubaki naye kidogo moyoni hata kama kamera imekwishaondoka. Ni jambo dogo, na si rahisi wakati wenzako wote wamesimama.

Usiku ule nafasi ya mzee kwenye benchi haikukaa wazi. Kijana aliyekuwa amesimama mlangoni aliingia akaketi, na filamu ikaendelea.

Wallahu aalam.